Ambulensi Iliyokuja kwa Ajili ya Kiwiko

Watu wengi huku kwetu hawajui kwamba mtu wa kawaida anaweza kupewa leseni ya kuzungumza hewani. Wakiniona nimeshika redio yenye antena ndefu huniuliza kama siku hizi nimeandikwa polisi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kutwa ya wasichana, na ninaishi Kiogoro. Jioni nikishasahihisha madaftari huwasha mtambo wangu ulio juu ya meza ya jikoni, nikasalimiana na watu wa Kericho, wa Mwanza, na hali ya hewa ikikubali, wa mbali zaidi ya hapo. Hatulipwi, na hata leseni yenyewe inakataza kulipwa. Tunachopata ni raha ya kusikia sauti ya binadamu ikichomoza katikati ya mikwaruzo, pamoja na wajibu mmoja ambao mwalimu wangu wa redio alinikaririsha hadi nikachoka: siku ya shida, simu zikinyamaza, wewe usinyamaze.

Mwalimu huyo ni fundi umeme, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja Kisii mjini kutafuta kazi akiwa kijana, akaoa, akazeekea hapo. Yeye ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba kuna kamati kutoka Nairobi inayoandaa safari ya baiskeli ya hisani, na kwamba inatafuta watu wa redio.

"Wanajenga nini?" nilimuuliza.

"Wodi ya akina mama wajawazito."

Sikuuliza tena. Mimi nilizaa mtoto wangu wa pili tukiwa tumelala wawili kitanda kimoja, mimi na mwanamke nisiyemjua, miguu yake ikiwa kichwani pangu. Kama baiskeli zingeweza kujenga wodi, ningesimama barabarani tangu asubuhi mpaka jioni, na bila chakula.

Waendeshaji wangetoka Kisii mjini, wapite Kiogoro, wapande hadi Nyamira, kisha wateremke na kupanda hadi Magwagwa, ambako kungekuwa na hema, hotuba na mgeni rasmi. Huko mabondeni simu hushika hapa ikakatika pale. Utamkuta mtu mzima amepanda juu ya jiwe, ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Ndiyo maana walitutaka sisi. Tulikuwa wachache, tukagawanywa kando ya barabara. Rafiki yangu fundi alipewa kilele cha mteremko mrefu kuliko yote. Mimi nikapewa kona iliyo chini ya mteremko huohuo, karibu na kibanda cha kupimia majani chai, mahali lami inapojipinda ghafla kabla ya daraja.

Siku moja kabla ya tukio tuliitwa kupewa maagizo. Mratibu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye viatu vyeupe pepe na sauti nzuri ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Alituita mashujaa. Akatuonyesha ramani ukutani, akasema ambulensi zitakuwa mbili: moja itafuata mkia wa waendeshaji, na ya pili itakaa kwenye kona yangu, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Niliinua mkono. "Na wenyeji wa pale wameambiwa?"

"Tumetangaza, mwalimu. Mitandao yote ya kijamii. Na mabango yako Nyamira mjini."

"Mabango ni ya Kiingereza. Tena kule kona watu wengi ni Waadventista. Leo wako kanisani, kesho Jumapili ndiyo siku yao ya shamba na soko. Watakuwa barabarani."

"Polisi watafunga barabara," alinijibu, akatabasamu, akamgeukia mwingine.

Polisi waliifunga kweli. Waliifunga kwa magari. Waliweka vizuizi huku na huku, matatu na boda boda zikakatazwa kuingia. Mtu wa miguu hakuna aliyemkumbuka. Mtu wa miguu haji kwa barabara. Hutokea kwenye kijia kati ya mashamba ya chai, na kizuizi cha polisi hakioni.

Asubuhi hiyo nilifika kwenye kona ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai. Ambulensi ilikuwa imeegeshwa chini ya mikaratusi, na ndani yake mlikuwa na dereva na muuguzi, mwanamke mpole aliyenigawia chai kutoka kwenye chupa yake. Nikajaribu redio, rafiki yangu akajibu kutoka juu, kituo kikuu cha Magwagwa kikajibu, na moyo wangu ukatulia. Nilijiona nina maana.

Utulivu huo haukudumu. Redio ikalia. Alikuwa mratibu mwenyewe.

"Kona, hapa kituo kikuu. Mwambie dereva wa ambulensi aje Magwagwa. Mgeni rasmi anataka kuonyeshwa vifaa. Ova."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kituo kikuu, hapa kona. Waendeshaji bado hawajapita. Ambulensi hii ilipangiwa kona. Ova."

"Itarudi, mwalimu. Ni picha tu."

Muuguzi alinitazama kama anayetaka niseme neno zaidi. Nililisema, nikaambiwa neno lilelile kwa sauti ya juu kidogo. Ambulensi ikaondoka. Nikabaki na redio yangu, kizibao cha manjano walichotugawia, na kisanduku cha huduma ya kwanza nilichokiazima shuleni.

Muda uliofuata hewa ilijaa upuuzi. Tuliombwa tupitishe ujumbe kuhusu viti vya jukwaani, kuhusu nani amechukua maji ya chupa, kuhusu ndege ndogo ya kupigia picha iliyonasa mtini. Sisi wenye leseni ya kusaidia watu siku ya shida tukawa matarishi wa sherehe. Rafiki yangu, ambaye hawezi kukaa bila kutania, akaniita kwa sauti ya kazi kabisa: "Kona, hapa mlima. Thibitisha kama sambusa za mgeni rasmi zimepita hapo salama." Nilicheka. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Kisha baiskeli zikaanza kuteremka.

Mtu asiyewahi kusimama chini ya mteremko wa namna ile hawezi kujua. Ng'ombe hukusikilizisha kwato zake, lori la majani chai husikika tangu ng'ambo ya pili ya kilima, na boda boda hupiga honi hata pasipo na mtu. Baiskeli nzuri haina sauti. Unasikia mvumo kama wa kitambaa kinachopasuliwa, na imeshakupita. Wa kwanza walipita wameinama, matumbo yao yakikaribia kugusa baiskeli, na hata kama wangetaka kusimama wasingeweza.

Yule mama alitokea kwenye kijia kando ya kibanda cha majani chai. Alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa kuitwa omong'ina kwa heshima, gauni lake la kazi limekunjwa kiunoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alisimama ukingoni kama mtu mwenye akili zake. Akatazama upande magari yanakotokea, akatega sikio, hakusikia gari. Nilipiga kelele kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, asimame, nikapunga mikono yote miwili. Aliponiona na kizibao changu alidhani namwita. Akavuka.

Mwendeshaji alijaribu kumkwepa. Nilimwona akivuta breki hadi tairi la nyuma likainuka. Bega lake lilimpiga mama ubavuni, baiskeli ikaparamia miguu yake, na wote wakaanguka, ndizi zikatawanyika hadi darajani.

Nilipomfikia, mama alikuwa macho. Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya kifundo, na sitasema zaidi ya hapo ila kwamba mfupa ulionekana. Mwendeshaji aliinuka mwenyewe. Alikuwa mwanamume mnene wa kadiri, karibu rika langu. Baadaye aliniambia kwamba anafanya kazi benki na kwamba ilikuwa safari yake ya kwanza. Hakuikimbilia baiskeli yake. Alivua fulana yake ya juu, akaikunja, akapiga magoti kandokando ya yule mama, akauliza, "Nishike wapi?" Nikamwonyesha mahali pa kubana. Akabana.

Nikabonyeza redio. "Dharura, dharura, dharura. Hapa kona. Mtu amegongwa na baiskeli, mguu umevunjika, damu inatoka nyingi. Nahitaji ambulensi sasa hivi. Mlima, simamisha waendeshaji. Ova."

"Mlima nimesikia, nawasimamisha. Ambulensi ya mkia bado iko mbali, nyuma ya Nyamira," rafiki yangu alijibu papo hapo. Utani ulikuwa umemtoka.

Kituo kikuu kikanyamaza. Nikarudia. Kisha ile sauti nzuri ikaja, na nyuma yake nikasikia bendi ikipiga.

"Kona, subiri. Mgeni rasmi anaingia uwanjani. Tuachieni hewa."

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na hasira ya darasani naijua. Hiyo haikuwa hasira ya darasani. Niliita mara ya tatu, na safari hii sikusema ova, lile neno la kumpisha mwenzako aseme.

"Sawa, kona," mratibu akajibu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. "Toa namba ya mwendeshaji."

"Aliyeumia si mwendeshaji. Ni mama mwenyeji, alikuwa anavuka barabara."

"Kwa hivyo hana namba?"

"Hana namba. Ana mguu uliovunjika."

"Nisikilize, mwalimu. Ambulensi ni ya waliosajiliwa. Bima haimbebi mtu mwingine, na ikitoka hapa waendeshaji wangu watabaki bila ulinzi. Waambie wenyeji wamtafutie usafiri."

"Usafiri gani? Barabara mmeifunga nyinyi!"

Badala yake akauliza, "Na huyo anayelia hapo anamwita baba yake wa nini? Baba yake yupo?"

Maana yule mama alikuwa amenishika kizibao, midomo karibu na redio, akiita, "Baba! Baba!" Nilimjibu mratibu polepole, kwa sababu kama ningesema haraka ningetukana, na hewani hatutukani. "Kwa lugha yetu baba ni mama. Anamwita mama yake."

Yule mtu wa benki alikuwa ameinua uso. Alikuwa amesikia kila neno; redio yangu nilikuwa nimeifungulia sauti yote. "Wamesema hawaji?"

"Wanataka mtu mwenye namba."

Alitazama ile fulana iliyokuwa chini ya mikono yake, ambako karatasi yenye namba yake ilikuwa imebanwa kwa pini, sasa imelowa damu ya mtu mwingine. "Wape yangu."

"Wewe umeumia?"

"Waambie nimevunjika shingo."

"Hewani sisemi uongo," nilimwambia. "Leseni yangu haijanipa ruhusa hiyo."

Akageuza mkono wake, akanionyesha kiwiko. Palikuwa na mchubuko, mwekundu, kama wa mtoto aliyeanguka akicheza. "Basi waambie kiwiko. Huo ni ukweli."

Nikabonyeza redio. "Kituo kikuu, hapa kona. Nina mwendeshaji aliyeanguka." Nikasoma namba yake. "Ameumia kiwiko. Ova."

Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole. "Pole! Pole sana! Ambulensi inaondoka sasa hivi. Mwambie asisogee, mtu amshike mkono, apewe maji. Yuko katika hali gani? Anaongea?"

Nilitazama ile redio mkononi mwangu kana kwamba ilikuwa imenitemea mate. Wanawake waliokuwa wamekuja mbio kutoka kwenye majani chai walikuwa wamesimama kutuzunguka. Wengine walielewa Kiswahili, wengine hapana, lakini wote walielewa ile sauti ilivyobadilika. Mmoja aliguna. Kisha kutoka juu ya mteremko rafiki yangu akasema maneno machache tu, na ninamshukuru kwayo hadi leo: "Kituo kikuu, hapa mlima. Sote tumesikia."

Ambulensi ikaja, taa zinazunguka, king'ora kinalia bondeni kote. Kwa ajili ya kiwiko. Muuguzi yule wa chai alishuka na mkoba wake, akaangalia kulia na kushoto.

"Tumeambiwa mwendeshaji," alisema.

"Mwendeshaji ni mimi," mtu wa benki akajibu bila kuondoa mkono kwenye ile fulana. "Na sipandi mpaka huyu mama apande."

Dereva alianza kusema habari za amri na kazi yake, na kwamba ana watoto wa kulisha. Nilimwelewa, lakini sikumwonea huruma. Muuguzi hakumngoja amalize. Alikwenda nyuma, akavuta machela, akasema, "Shika huko," na dereva akashika. Walimfunga mguu, wakamlaza, wakamwinua. Alipokuwa anaingizwa, mkaza mwana wake alifika akikimbia, mtoto mgongoni, akilia na kuuliza kama amekufa. Alitaka kwenda naye. Nafasi ilikuwa moja, ile iliyowekwa kwa ajili ya mwenye namba. Mtu wa benki akasogea pembeni, akampa.

Hivyo ndivyo ambulensi ilivyokwenda hospitali ya Nyamira. Kiwiko kilichoiita kilibaki na mimi barabarani.

Mvua ya mchana ikaanza, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Tulijibanza katika kibanda cha majani chai, mimi na yeye na wale wanawake, na mmoja akamfunika leso mabegani kwa kuwa fulana yake ilikuwa imekwenda na mama. Akawa anarudia, "Sikumwona. Sikumwona." Mwanamke mwingine akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili kwamba Mungu hakuwa kwenye kituo kikuu siku hiyo. Wenyeji waliokota ndizi, wakazipanga kando ili zipelekwe nyumbani kwake, hata zilizopondeka.

Rafiki yangu aliwaachilia waendeshaji, na wa mwisho walipopita nilipanda Magwagwa kwa miguu na yule mtu wa benki, yeye akisukuma baiskeli iliyopinda. Tulipokaribia uwanja tulisikia vipaza sauti. Mratibu alikuwa jukwaani.

"Na tunamshukuru Mwenyezi Mungu," alikuwa anasema, "kwamba siku yetu imekwisha salama. Hakuna aliyeumia, ila ndugu yetu mmoja aliyepata mchubuko mdogo, na ambulensi yetu ikamfikia mara moja!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akapiga makofi. Padre na mzee mmoja wa kanisa la Waadventista walikuwa wamekaa bega kwa bega mstari wa mbele, wote wawili wakapiga makofi, na wasilaumiwe, maana walikuwa wanaamini walichoambiwa. Mtu wa benki alisimama kando yangu akiwa na leso ya maua mabegani na damu kwenye magoti. Hakuna aliyemtambua kuwa ndiye huyo ndugu.

Nilimngoja mratibu nyuma ya hema. Alinijia amenyoosha mikono yote miwili.

"Mwalimu! Shujaa wetu! Twende tupige picha ya watu wa redio."

"Yule mama yuko hospitali," nilimwambia. "Umetangaza hakuna aliyeumia."

Alishusha sauti. "Mwalimu, nakuomba usituharibie. Kuna wafadhili hapa. Kuna taratibu. Mimi sikuziandika."

"Uliniambia yeye si wenu."

"Kwa maana ya bima."

"Wodi mnamjengea nani?"

"Akina mama."

"Na yule ni nani?"

Alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena kwa sababu ya matope ya uwanja. Kwa dakika hiyo nilidhani ataniambia kitu cha mtu kwa mtu. Badala yake akasema, "Unachukulia hili jambo kibinafsi." Nikavua kizibao chake cha manjano, nikakiweka mikononi mwake, na ule upande wenye damu ukawa juu. Sikupiga picha. Rafiki yangu fundi naye hakupiga. Tulipanda pikipiki yake tukarudi Kisii, na nilipofika nyumbani sikuwasha mtambo.

Mama yule alihamishiwa Kisii, akafanyiwa upasuaji, akakaa hospitali muda mrefu. Mtu wa benki alikuja kumwona kutoka Nairobi zaidi ya mara moja, akiwa na haya ya mtu anayedhani hana haki ya kuingia mlangoni. Mimi na rafiki yangu tulienda kuwaona watu wa kamati walipokuja Kisii kutoa shukrani. Walitupokea vizuri mno. Soda zilifunguliwa. Walitusikiliza wakitikisa vichwa, wakasema ni funzo kubwa, wakasema wakili wao amewashauri wasiseme mengi. Kila nilipopandisha sauti, mtu alisema, "Tunakuelewa, mwalimu." Kuna njia ya kumwelewa mtu ambayo ni sawa na kumfungia mlango. Tulitoka pale hatuna chochote.

Nilikwenda kumtembelea yule mama alipokuwa amerudi nyumbani kwake. Mguu ulikuwa umeunga vibaya kidogo, mfupi kuliko mwenzake, na alitembea kwa fimbo. Tulikaa nje, mkaza mwana akatuletea uji wa wimbi. Tulizungumza Ekegusii habari za shamba na wajukuu, kisha ghafla akaingia Kiswahili, kama anayetaka kunionyesha kitu.

"Mwalimu, ile siku mimi nilikuwa nasikia. Ile redio yako ilikuwa karibu na sikio yangu."

Nilikuwa nimejidanganya kwamba hakusikia, au kwamba maumivu yalimfunika.

"Mimi sina maneno na yule wa baiskeli. Yeye alikuwa anateremka, angefanya nini? Lakini yule mwingine wa kwa redio alikuwa anauliza namba, namba. Hiyo namba ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Ekegusii, nikitafuta maneno, kwa sababu kwa Ekegusii jambo hilo lilizidi kuwa baya. Nilimwambia kwamba waendeshaji walipewa namba walipojiandikisha, na kwamba gari lilikuwa la wenye namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiupapasa mguu wake.

"Lakini mimi niko na namba," alisema. "Niko na kitambulisho. Ile siku ilikuwa hapa kiunoni, imefungwa kwa kitambaa, nilikuwa naenda soko. Kama ungeniuliza, ningekupa."

Hakuwa anatania. Alikuwa anasikitika kwamba hatukumuuliza. Niliweka bakuli la uji chini. Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba hakuna namba ya serikali ambayo ingemfaa siku ile. Nilianza, nikaona nitaharibu zaidi. Nikamshika mkono tu, tukakaa hivyo, naye akanituliza mimi, "Pole, mwalimu, pole," kana kwamba ni mimi niliyevunjika.

Mwaka uliofuata simu ililia tena. Mratibu huyohuyo, sauti ileile. Wodi ilikuwa imefika kwenye linta, usawa wa juu ya madirisha, alisema, na walihitaji watu wa redio. Nikamwambia tutakuja kwa sharti moja: mtu yeyote atakayeumia kwenye barabara hiyo, mwenye namba au asiye nayo, abebwe. Aseme hivyo mbele ya dereva wa ambulensi na mbele yetu sote. Alisema atalipeleka kwa kamati. Kamati ikajibu kwamba wazo hilo ni zuri na litazingatiwa siku zijazo.

Tuligawanyika kwa sababu ya jibu hilo. Rafiki yangu alisema ataenda hata hivyo. "Nisipokuwepo mlimani, nani atawasimamisha?" aliniuliza. Nilimkasirikia hadi tukapitisha wiki kadhaa bila kusalimiana hewani. Nilimwona kama anayewapa ngao ya kujificha nyuma yake. Yeye aliniona kama ninayeacha lindo langu kwa sababu ya kiburi. Huenda kila mmoja wetu alikuwa na haki yake, na hilo halikunipoza.

Kwenda sikwenda. Lakini siku iliyotangulia, Jumamosi, mimi Mkatoliki nilivaa nguo ya heshima nikaenda katika kanisa la Waadventista lililo juu ya ile kona. Nilimwomba mzee wa kanisa anipe nafasi kidogo wakati wa matangazo. Alinitazama sana, kisha akanipa.

Nikawaambia kwa Ekegusii kwamba kesho baiskeli zitateremka barabarani kwenda Magwagwa, nyingi, na kwamba hazina sauti. Nikawaambia wasitegemee sikio, watazame kwa macho. Wawashike watoto mkono. Anayepeleka kitu sokoni avuke mapema au angoje mkia upite.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasimama, kofia mkononi. "Tumesikia, mwalimu. Na wakitugonga, gari litakuja?"

Kanisa lote likanitazama. Ningeweza kuwaambia kwamba kamati inalizingatia.

"Sijui," nikasema. "Msilitegemee. Simameni mbali na lami."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi, na mzee wa kanisa akaendelea na tangazo lililofuata.